Sifuri za Daktari Anyona

Kesi ya Joyline ilikuwa na kurasa tatu na chupa moja. Konstebo Duncan aliiweka chupa hiyo juu ya meza ya Inspekta Lorna Onsongo saa moja asubuhi ya Jumatatu, akarudi nyuma hatua mbili, akasubiri kusifiwa.

Ilikuwa chupa ya blichi ya lita moja, ile ya kufulia nguo nyeupe, imo ndani ya bahasha kubwa iliyoandikwa KIELELEZO A. Duncan alikuwa ameipigia mstari herufi hiyo mara mbili. Inspekta Onsongo aliusoma ukurasa wa kwanza wa faili, akausoma wa pili, akahisi uso ukimwasha kwa hasira. Miaka kumi na sita katika upelelezi, na bado aliletewa takataka iliyopigiwa mstari.

Mlalamishi alikuwa Daktari Jasper Anyona, daktari wa meno mjini Kisii na mzee wa kanisa la Wasabato. Jana, Jumapili, alikuwa akizindua sehemu mpya ya kliniki yake mbele ya wageni sitini. Katika chumba cha kusubiria alikuwa ameweka tangi dogo la kioo lenye maji ya chumvi na samaki watano wa baharini, eti wagonjwa watulie kabla ya kung'olewa meno. Wageni walipoingia saa nne, samaki wote walikuwa wakielea, wamekufa. Kando ya tangi alisimama Joyline, mwanamke wa usafi, na chupa ya blichi mkononi. Daktari alimpiga picha hapo hapo, akaituma kwenye makundi matatu ya WhatsApp, na chini yake akaandika: HUYU AMEWATILIA SAMAKI SUMU. MJIHADHARI NA CHAKULA CHAKE. Kufikia saa saba Joyline alikuwa selo.

Sheria ilitaka afikishwe mahakamani kabla ya saa ishirini na nne kupita. Gari la kortini lingeondoka saa sita ya leo.

"Imeisha hiyo, madam," alisema Duncan. "Tumempata na silaha mkononi."

"Umeifungua?"

"Nini?"

"Silaha yako."

"Ni kielelezo, madam. Hakifunguliwi."

Onsongo alivaa glavu, akaitoa chupa, akakizungusha kifuniko. Chini ya kifuniko, kile kikaratasi cha fedha kinachobandikwa kiwandani kilikuwa mahali pake, kizima, hakina hata tundu la sindano. Akamgeuzia Duncan aone.

"Aliimwagaje? Aliiombea ikatoka yenyewe?"

Duncan alikitazama kile kikaratasi kwa muda mrefu, kama mtu anayesubiri kitoboke kwa aibu. "Labda kulikuwa na chupa ingine."

"Uliitafuta?"

"Hapana, madam."

"Ulimuuliza huyo mama kitu chochote?"

"Nilimuuliza kama anakubali makosa."

Mkuu wa kituo alipitisha kichwa mlangoni, akaiona chupa, akacheka. "Lorna, bado uko na kesi ya samaki? Peleka huyo mama kortini tufanye kazi ya watu wazima." Akaenda zake akicheka kwenye korido, na Onsongo akasikia wengine wawili wakimwitikia. Samaki hawakumhusu hata yeye. Kilichomchoma ni kwamba kituo kizima kilikuwa na muda wa kucheka na hakuna aliyekuwa na muda wa kuzungusha kifuniko.

Alimkuta Joyline ameketi sakafuni selo, amekunja miguu chini ya leso, macho makavu. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tano hivi, mwembamba, mikono imechubuka kwa sabuni.

"Bwakire, madam," alisalimia bila kuinuka.

"Bwakire. Ulimwaga kitu kwa hiyo maji?"

"Hapana."

"Chupa ilikuwa ya nini?"

"Ya choo. Wageni walikuwa wanakuja, nilitaka choo ing'are. Nilipitia pale nikaona samaki imelala juu ya maji. Nikasimama. Daktari akaingia na watu, akatoa simu."

"Mmewahi kugombana?"

"Alininyima ruhusa siku moja mtoto akiwa mgonjwa. Nilikasirika, nikanyamaza. Hiyo ni ugomvi?"

Onsongo aliandika. Joyline alimtazama akiandika, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba korti haimtishi sana. Anayefungwa hutoka. Lakini yeye ni mtu wa Magwagwa, kule Nyamira, na siku ya soko huuza chai kwenye kibanda cha mama yake, na chai hiyo ndiyo inayolisha watoto watatu, maana ule mshahara wa usafi huishia kwenye nyumba ya kupanga. Picha ilikuwa imefika Magwagwa kabla yeye hajafika selo. Dada yake alikuja jana jioni akamwambia.

"Wakisema umeiba, watu watasahau," alisema. "Wakisema unawekea watu sumu, madam, nani atakunywa kwa mkono yangu tena? Hata mtoto yangu atakuwa mtoto ya yule mama wa sumu."

Onsongo alifunga daftari. Alikuwa na saa nne na nusu.

Kituo cha kwanza kilikuwa Daraja Mbili, pembeni mwa soko, nyuma ya safu ya mitumba, ambapo Obiero alikuwa na duka la samaki wa mapambo. Obiero alikuwa mtu wa upande wa ziwani aliyejifunza kazi hiyo Mombasa kwa miaka sita, kisha akaja kuwauzia Wakisii hobi ambayo hawakuwa wameiomba. Yeye ndiye aliyefunga tangi la Anyona. Alipomwona afisa wa polisi mlangoni, aliweka chini chakula cha samaki akanawa mikono.

"Ni daktari amenitaja?" aliuliza.

"Kwa nini akutaje?"

"Si alinipigia jana. Saa mbili na dakika kumi asubuhi. Iko hapa kwa simu." Alimwonyesha. "Akaniuliza samaki wa chumvi wanaweza kufa kwa nini bila kuugua. Nikamuuliza, Daktari, ile kamba niliweka ilioza vizuri? Akakata simu. Nikimpigia, hashiki."

Saa mbili na dakika kumi. Wageni waliingia saa nne. Onsongo aliiandika saa hiyo, akaizungushia duara, kisha akauliza kamba ni nini na kwa nini ioze.

Obiero alieleza kwa subira ya mtu aliyekwisha kueleza jambo hilo kwa watu wengi wasiosikiliza. Tangi jipya, alisema, ni kioo na maji tu, hata ukilijaza chumvi bora namna gani. Samaki akila na kujisaidia mle, maji yanaota sumu, ile amonia inayonuka kwenye zizi la kondoo. Baharini kuna vijidudu visivyoonekana vinavyoila sumu hiyo na kuigeuza kuwa sumu ya pili, na vingine vinavyoila ya pili na kuigeuza kuwa ya tatu, ambayo haina makali. Katika tangi jipya vijidudu hivyo havipo. Lazima uvizalishe. Ndipo unachukua kitu chenye nyama, yeye hutumia kamba mmoja wa baharini, yule mwenye miguu mingi anayeuzwa kwenye friza za supamaketi, unamfunga ndani ya soksi ya nailoni, unamwacha aoze majini wiki mbili bila kuguswa. Kuoza kwake ndiko chakula cha vijidudu. Baada ya wiki sita unapima, unaingiza samaki mmoja mmoja, wawili kwa mwezi.

"Daktari aliingiza wangapi?"

"Watano, madam. Siku moja, Jumanne. Nilimpelekea nikiwa najua ni wengi. Alisema vipimo vyake viko safi, yeye ni mtu wa sayansi, mimi nipeleke mzigo nisimfundishe."

"Ukapeleka."

Obiero alitazama chini. "Nikapeleka."

Onsongo hakumhurumia. Alimwambia achukue vipimo vyake waende.

Kliniki ya Daktari Anyona ilinuka karafuu na rangi mpya. Riboni ya jana ilikuwa bado imening'inia nusu mlangoni. Daktari mwenyewe aliwapokea akiwa ndani ya koti jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikawa mikali, mtu mnene wa miaka hamsini, sauti ya mimbarani. Alimpa Inspekta mkono, na kwa Obiero akatupa jicho tu.

"Nilitarajia mmemaliza," alisema. "Yule mwanamke ameshakubali?"

"Bado. Ningependa kuona tangi."

Tangi lilikuwa juu ya kabati, halizidi lita sabini, na ndani yake mawe meupe na mchanga. Samaki walikuwa wameondolewa. Walikuwa kwenye friji ya dawa, ndani ya sahani, wamefunikwa na karatasi. Daktari alikuwa amekataza mtu yeyote kuyagusa maji kwa sababu ni ushahidi, na alilisema hilo mara mbili. Onsongo alimshukuru kwa moyo mweupe, akampa Obiero ishara.

Obiero alijaza maji kwenye vijibomba vitatu vya glasi, akadondosha dawa, akavitikisa, wakasubiri. Alivisimamisha mbele ya kadi ya rangi. Cha kwanza kilikuwa kijani kibichi cha majani ya chai. Cha pili kilikuwa buluu nyepesi. Cha tatu kilibaki njano.

"Sumu ya kwanza imejaa," alisema Obiero. "Ya pili hakuna. Ya tatu hakuna."

"Blichi?"

"Blichi ikiingia kwa mawe kama haya inaacha harufu, na haileti rangi hii. Hii ni mikojo yao wenyewe, madam. Halafu Ijumaa jioni kliniki ikafungwa, na wa kwanza kufa akawaozea wenzake humo ndani Jumamosi yote."

"Huyu anajitetea," alisema Daktari. "Aliniuzia samaki wagonjwa. Kama si yule mwanamke basi ni huyu. Inspekta, nina ushahidi kwamba maji yangu yalikuwa tayari. Ushahidi wa maandishi."

Aliingia ofisini akatoka na daftari lenye jalada gumu, akalifungua mbele yake kwa fahari ya mwanafunzi aliyepata alama zote. Wiki sita za vipimo. Tarehe kwa wino wa buluu, sumu ya kwanza kwa wino mwekundu, mistari imenyooshwa kwa rula. Onsongo alipitisha kidole kutoka juu hadi chini. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Ukurasa mzima wa sifuri, na uliofuata, na uliofuata, sifuri za duara zuri, zilizoandikwa na mtu aliyependa mwandiko wake. Kila Jumamosi haikuwa na namba, ila neno moja: Sabato.

"Sifuri tangu siku ya kwanza," alisema.

"Tangu siku ya kwanza. Maji safi kabisa."

"Obiero, kamba akioza, kipimo hiki kinasemaje?"

"Siku ya tatu au ya nne kinapanda, madam. Kinapanda mpaka unaogopa. Halafu wiki ya tatu, ya nne, ndiyo kinaanza kushuka. Sifuri ya mwisho ni nzuri kwa sababu ilipanda kwanza." Obiero alilitazama daftari, na uso wake ukabadilika. "Hii haijapanda hata siku moja."

"Na humu ndani, Daktari, kulinuka wiki hizo?"

"Hapa?" Daktari alicheka. "Hapa hunuka karafuu. Hakuna mgonjwa aliyewahi kulalamika."

Onsongo alikaa kwenye kiti cha wagonjwa bila kukaribishwa. Mambo yote yalikuwa yamejipanga, na yalimchukiza. Mtu huyu alikuwa amepima maji matupu kwa wiki sita, akasifu utupu wake, akauita sayansi. Angeweza kumsamehe ujinga. Ile simu ya saa mbili na dakika kumi ndiyo iliyokataa kumtoka akilini. Alimtuma Obiero nje, akafungua daftari lake.

"Daktari, tuandike taarifa yako vizuri kabla sijampeleka huyo mama kortini. Obiero aliweka kamba siku gani?"

"Ijumaa. Saa tisa alasiri."

"Alikaa majini muda gani?"

"Kama maagizo yalivyosema."

"Wiki mbili."

"Wiki mbili."

"Akaoza."

"Ndiyo. Akaoza."

Onsongo aliandika polepole, akitamka kila neno. "Mimi, Jasper Anyona, mzee wa kanisa, niliweka ndani ya jengo langu mnyama wa baharini asiye na mapezi wala magamba, ambaye Maandiko yanamwita najisi, akaoza humo. Sabato ya kwanza ilimkuta. Sabato ya pili ilimkuta. Kila Jumapili nilipofungua kliniki nilimkuta na nikamwacha." Akainua kalamu. "Nimekosea mahali? Hii itasomwa kortini kwa sauti. Nasikia mchungaji wako atakuwepo."

Onsongo mwenyewe alilelewa katika kanisa hilo hilo, kule kwao Nyamira. Alijua Ijumaa jioni inavyosafisha nyumba, nguo zikipigwa pasi na ugali ukipikwa mapema, na mama yake akikagua kila sufuria kabla jua halijazama. Alijua mtu asiyedondosha hata tone la kipimo siku ya Jumamosi hawezi kulala akijua kuna mzoga najisi kwenye chumba chake cha mbele. Akaishusha tena kalamu kwenye karatasi.

"Usiandike hivyo," alisema Daktari.

"Niandike vipi?"

"Nilimtoa."

"Lini?"

"Ijumaa ile ile. Jua lilikuwa linakaribia kuzama. Nilifikiri, chumvi ipo, mawe yapo, mashine inazungusha maji, yanini kitu kile? Nilimtoa na ile soksi yake, nikamtupa chooni." Alijifuta shingo. "Ni dhamira, Inspekta. Wewe pia ni mtoto wa kanisa. Huwezi kunilaumu kwa dhamira."

"Kwa hilo sikulaumu. Nani alikuona?"

"Joyline. Alinishikia ndoo."

Inspekta Onsongo alihisi aibu ikimpanda, na haikuwa ya Daktari peke yake. Mwanamke aliyekuwa selo alikuwa na jibu lote tangu jana, na yeye alimuuliza maswali matatu akafunga daftari. Konstebo Duncan hakuuliza hata hayo. Alimeza hasira hiyo na kuigeuzia mahali ilipostahili.

"Jana saa mbili na dakika kumi ulimpigia Obiero. Alikuuliza kuhusu kamba. Ukajua."

"Nilishuku tu."

"Ukajua, ukakata simu. Kisha ukapata karibu saa mbili nzima za kufikiri. Ungeweza kuwaambia wageni kwamba samaki wamekufa, basi, watu wakanywa soda wakaenda. Badala yake ulimpiga picha mtu aliyekushikia ndoo."

"Wachungaji walikuwa pale. Niliwaambia wiki nzima kuhusu hilo tangi. Ningewaambia nini?"

"Kwamba ulikosea."

Daktari alimtazama kana kwamba amemwambia avue nguo barabarani. Onsongo alikuwa amewahi kuwahoji wezi wa ng'ombe na mtu mmoja aliyemkata nduguye panga kwa ajili ya mpaka wa shamba la chai, na kati ya wote hakuna aliyemtia kichefuchefu kama huyu na koti lake lililopigwa pasi. Alimpa kalamu. Daktari aliandika maelezo yake mwenyewe, kurasa mbili, kwa mwandiko mzuri, akatia sahihi.

Saa tano na dakika arobaini Joyline alitoka selo. Onsongo alimwambia faili la pili limefunguliwa, la kumpa polisi habari za uongo, na mshtakiwa safari hii ni Daktari. Joyline alifunga leso kiunoni, akasikiliza.

"Kuhusu ile ndoo," alisema Onsongo. "Mbona hukusema?"

"Mliniuliza kama nilimwaga kitu. Nilisema hapana." Hakuwa na uchungu katika kulisema. "Mngeniuliza nani alitoa kitu, ningesema."

Onsongo aliomba msamaha. Neno hilo lilimtoka kwa shida, maana hakuwa amelizoea kuliko Daktari.

Jumanne Daktari alifuta ile picha kwenye makundi yote na kuandika kwamba kulikuwa na kutoelewana. Jumatano alipiga simu kituoni kuuliza kama Joyline anaweza kumwombea korti imhurumie. Onsongo alimfikishia Joyline, na jibu lilirudi siku hiyo hiyo: aje Magwagwa siku ya soko, anywe chai.

Alikuja. Soko lilikuwa limejaa, ndizi zimepangwa chini, na kibanda cha mabati cha mama yake Joyline kikiwa na sufuria mbili zinazochemka na benchi tupu. Tangu asubuhi hakuna aliyekaa kwenye benchi hilo. Wateja wake wa siku zote walipita mbali kidogo, wakisalimia kwa heshima kubwa kuliko kawaida. Inspekta Onsongo alisimama kwenye kivuli cha duka la mbolea, bila sare, akamwona Daktari akishuka garini kwa suti, na bahasha mkononi.

"Dada Joyline, nimeandika barua ya kuomba msamaha," alisema kwa sauti ya chini.

"Tata," Joyline alimwita, yaani baba kwa Kikisii, "hapa watu hawasomi barua. Wanaangalia. Keti."

Aliketi katikati ya benchi. Joyline alimimina chai ya maziwa kwenye kikombe kikubwa, akakiweka mbele yake. Wauza ndizi waliacha kupanga ndizi. Vijana wa bodaboda walizima pikipiki. Daktari alikishika kikombe. Katika dunia nzima hakuna aliyejua kwa uhakika kuliko yeye kwamba sumu ile haikuwahi kuwepo, na bado alikipuliza kikombe muda mrefu kupita inavyohitaji chai ya moto. Alikuwa ameusema uongo wake mpaka nusu yake ameiamini. Onsongo alitamani kutema mate.

Alikunywa. Aliweka kikombe chini.

"Maliza," alisema Joyline.

Alimaliza.

"Geuza waone."

Alikigeuza kikombe. Tone moja lilianguka kwenye meza. Akainuka, akitafuta funguo za gari mfukoni. "Nina wagonjwa wananisubiri."

"Kaa chini, tata. Ukienda sasa watasema umeenda kufia njiani. Kaa saa moja."

Daktari alimtazama Onsongo kule kivulini. Onsongo aliangalia saa yake, akaanza kuhesabu. Daktari akaketi.

Soko lote lilimsogelea. Walikuja na vikapu vyao, na kuku wao wamewashika miguu, wakasimama nusu duara, wakamtazama. Hakuna aliyemtukana. Walikuwa wakisubiri tu kuona kama ataanguka.

"Msee bado anapumua," alisema kijana mmoja wa bodaboda.

"Tulia, hiyo kitu huwa slow," alisema mwenzake.

Jasho lilimtoka Daktari. Kila alipojifuta, watu walinong'ona, kwa hiyo akaacha kujifuta. Alikohoa mara moja na mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake nyuma. Joyline alichochea moto, akaongeza maziwa. Dakika arobaini zilipita, kisha hamsini. Wengine walianza kuona aibu ya kungoja kifo ambacho hakiji, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuketi.

Saa ilipotimia, Nyanchoka, bibi kizee anayeuza vitunguu, alisukuma watu kwa kiwiko akaja mpaka mbele ya benchi. Alimwinamia Daktari, akamshusha ngozi ya chini ya jicho kwa kidole gumba, akatazama. Akamtazama na jicho la pili.

"Fungua mdomo," alisema.

Daktari Anyona, aliyewaambia watu neno hilo kwa miaka ishirini na mbili, alifungua mdomo mbele ya soko zima la Magwagwa. Bibi alichungulia humo ndani bila haraka, ulimi, ufizi, mpaka magego ya nyuma.

"Ni mzima," aliwaambia watu. "Meno yake ndiyo mabaya."

Kisha akamsukuma Daktari kwa nyonga asogee, akaketi, akaweka kikapu cha vitunguu katikati ya miguu. "Joyline, niwekee. Kikombe kikubwa."

Joyline alichukua kikombe. Chai ilimwagika kidogo kwenye sahani kwa sababu macho yake yalikuwa yamejaa machozi na hakuona vizuri, na nyuma ya bibi wale vijana wawili wa bodaboda walikuwa tayari wanagombania mahali palipobaki kwenye benchi.